Maswali ya Wasomaji: Monita ya Bei Nafuu Isiyomaliza Uniti

Barua nyingi safari hii zimetoka Mwanza mjini na visiwani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: monita ipi inunuliwe kwa hela ndogo na isiwe mzigo kwenye LUKU. Tumeanza na ile yenye hesabu ndefu, kwa kuwa majibu mengine yanaiegemea.

Habari za kazi. Nafungua duka la steshenari na uchapaji Igoma, natafuta monita sita. Mjini nimeona za mraba inchi 19 kwa shilingi 90,000 kila moja, na pana za LED inchi 22 kwa 150,000, zote mtumba. Muuzaji anasema za mraba ndizo ngumu. Umeme wa duka ni T1, tarifa ya matumizi ya kawaida. Nichukue zipi?
*Mama Uchapaji, Igoma*

Mama, chukua za LED. Ila usizichukue kwa ajili ya umeme peke yake, kwa sababu hesabu ya umeme ukiipiga kwa uaminifu inachelewa kurudisha ile 60,000 ya tofauti. Tuipige.

Zile za mraba nyingi zilitengenezwa kabla ya mwaka 2010, na nyuma ya kioo zina mirija myembamba ya floresenti, ndugu wa tyubulaiti. Ya inchi 19 hula wati 30 hadi 45. LED ya inchi 22 hula wati 15 hadi 20 ikiwa kwenye mwangaza iliotoka nao kiwandani. Chukulia 38 na 18. Duka likifanya kazi kwa muda wa saa 10 kila siku, siku 26 kwa mwezi, jumla ni saa 260. Monita sita za mraba zitakula uniti 59 kwa mwezi, sita za LED uniti 28. Uniti ya T1 ni shilingi 292. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika 356. Kwa hiyo tofauti ya uniti 31 ni kama shilingi 11,000 kwa mwezi. Wewe utakuwa umeongeza 360,000 kununua LED sita. Gawanya: miezi 32 hivi. Anayekwambia LED inajilipa ndani ya miezi mitatu hajakaa chini na kalamu.

Sasa kwa nini bado tunasema LED? Mirija ile huchoka. Ikishatumika miaka ofisini Ulaya, mwanga unageuka wa njano au wa pinki, unachukua dakika kadhaa kukolea asubuhi, na siku mrija ukifa au saketi inayouwasha ikiungua, matengenezo yanakula nusu ya bei ya monita. Halafu kuna UPS. Ile ndogo ya VA 650 ina betri moja ya volti 12, ampia-saa 7. Kompyuta ya wati 50 na monita ya mraba, betri ikiwa mpya, utapata kama dakika 20 umeme ukikatika. Ukiweka LED unapata kama dakika 30. Kwa mtu anayechapa barua ya mteja aliyesimama kaunta, dakika 10 hizo zina thamani yake. Na kwenye chumba kidogo chenye bati, wati 120 za joto zikipungua utazisikia mwilini saa nane mchana.

Muuzaji wako ana hoja moja ya kweli, nayo inahusu kazi yako moja kwa moja. Kioo cha mraba cha inchi 19 kina urefu wa kwenda juu wa sentimita 30, kwa hiyo ukurasa wa A4 karibu unaenea mzima kwa ukubwa wake halisi. LED ya inchi 22 ni karibu sentimita 48 kwa 27: A4 haienei juu hadi chini, lakini kurasa mbili zinakaa ubavu kwa ubavu. Anayekopi maandishi kutoka hati moja kwenda nyingine atapenda pana. Anayepanga kadi na vyeti vya ukurasa mmoja anaweza kuikumbuka ya mraba.

Kabla hujalipa, uliza pia kama wana LED za inchi 20 zenye pikseli 1600 kwa 900. Hula wati 12 hadi 15, na kwa kawaida bei yake iko chini ya za inchi 22. Kwa kuchapa zinatosha kabisa. Tena usikubali neno la mdomo kwamba hii ni LED. Geuza monita usome kibandiko cha nyuma: ukiona herufi Hg au onyo kwamba taa za ndani zina zebaki, hiyo ni ya mirija, hata kama ni pana na nyembamba.

Ukishazifunga, ingia kwenye menyu ya kila moja siku hiyohiyo ushushe mwangaza kutoka 100 hadi 40 au 50. Taa za nyuma ya kioo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya umeme wa monita, kwa hiyo LED ya wati 18 inashuka hadi kama 12. Kwa monita sita hizo ni uniti nyingine 9 kwa mwezi, na hujatoa senti. Kama duka linatazama barabara na jua linapiga ndani, usijaribu kushindana nalo kwa kupandisha mwangaza. Geuza meza ili kioo kikae ubavu kwa mlango, kisitazamane nao wala kisiupe mgongo.

Neno la mwisho kwako, mama: kompyuta zenyewe. Mashine kubwa ya mezani ya zamani hula wati 50 hadi 80 hata ikiwa imekaa tu. Zile ndogo za ukubwa wa kitabu hula 10 hadi 20 zikifanya kazi ya kuchapa. Hela ikiwa haitoshi vyote, ni bora uitumie kwanza kupata mashine zinazokula umeme kidogo, monita zifuate.

Nyuma ya monita yangu imeandikwa 100-240V, 1.5A. Fundi kazidisha 240 kwa 1.5 akapata wati 360, akasema ndiyo inayomaliza uniti zangu. Ni kweli?
*Msomaji, Buhongwa*

Si kweli, na kosa hili tunalipata mara nyingi sana. Ile ampia 1.5 ni kikomo kilichoandikwa ili watu wachague waya na fyuzi: kinahesabu umeme wa volti 100, mshtuko wa kuwasha, na nafasi ya ziada juu yake. Hakuna monita ya inchi 22 inayokula wati 360. Ingekuwa hivyo usingeweza kuweka mkono mgongoni mwake.

Kama monita yako ina adapta ya nje, soma upande wa kutoka. Adapta ya volti 19, ampia 1.3 haiwezi kutoa zaidi ya wati 25 kwa usalama, basi monita iko chini ya hapo. Kama ilitoka Ulaya na ni ya kuanzia Machi 2021, huenda boksi au kibandiko bado kina lebo ya nishati yenye herufi A hadi G. Usihangaike na herufi. Monita nyingi nzuri zimeangukia E na F kwa sababu vipimo vya lebo hiyo ni vikali. Tazama namba kubwa iliyoandikwa kWh/1000h. Kwa kuwa ni matumizi ya saa 1000, namba hiyohiyo ndiyo wati. Ikisema 17, monita inakula wati 17. Lebo ina mraba wa msimbo wa kupiga picha kwa simu, unaokupeleka kwenye kumbukumbu za Umoja wa Ulaya ziitwazo EPREL. Huko unaweza kutafuta hata kwa kuandika namba ya modeli, kabla hujapanda daladala kwenda dukani.

Na kama hakuna lebo wala adapta, pima kwa mita yako ya LUKU. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh au namba nyingine. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja za simu zikiwemo. Kitaa kikiendelea kumweka kuna kitu bado kimechomekwa, kitafute. Kikitulia, washa monita peke yake pamoja na laptopu inayotumia betri yake ili kioo kiwe na picha. Ngoja kitaa kimweke, anza kuhesabu sekunde kwa simu mpaka kimweke tena. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 200 ni wati 18. Sekunde 90 ni wati 40. Kwa mita ya 1600 gawanya 2,250, na ya 3200 gawanya 1,125. Chukua mimweko mitatu mfululizo utafute wastani, maana mmoja unaweza kukudanganya.

Ukiwa hapohapo, shusha mwangaza hadi 40 upime tena. Kama ulianza na sekunde 200, sasa utangoja karibu dakika 5 kabla kitaa hakijamweka. Tunashauri kila mtu aone jambo hili kwa macho yake mara moja. Hakuna maelezo yanayolifikia.

Kuweka picha nyeusi kama pambo la kioo hakupunguzi kitu kwenye monita za kawaida, kwa sababu taa za nyuma zinaendelea kuwaka vilevile. Pambo linalotembeatembea wakati hupo nalo linakula kama kawaida. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kioo kizimike baada ya dakika 5. Monita iliyolala, ile yenye kitaa cha rangi ya chungwa, hula chini ya nusu wati kwa modeli za miaka ya karibuni.

Nitaijuaje monita ya mtumba iliyochoka kabla sijailipia? Niliwahi kuuziwa ikafa baada ya wiki mbili.
*Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi*

Nenda na laptopu yako na kebo yako ya HDMI au VGA. Usikubali kuonyeshwa ile nembo inayozunguka kwenye kioo isemayo hakuna mawimbi; hiyo haionyeshi chochote. Na usiende na haraka. Monita inayotaka kufa mara nyingi hujificha dakika 10 za kwanza ikiwa baridi, au kinyume chake, inagoma kuwaka ikiwa baridi na inanyooka ikishapata joto. Kwa hiyo uliza kama imewashwa muda gani kabla hujafika. Kama imewashwa tangu asubuhi, omba ichomolewe ipumzike robo saa, kisha iwashwe mbele yako. Ikimweka-mweka kitaa mara kadhaa kabla ya kuwaka, kapasita za saketi ya umeme zimevimba. Fundi anayejua anazibadilisha kwa gharama ndogo, lakini bei ishuke kabla hujaondoka.

Ikiwaka sekunde mbili ikawa giza, chukua tochi ya simu uielekeze kwa pembeni karibu na kioo. Ukiiona picha kwa mbali, hafifu kama kivuli, basi kioo ni kizima, taa za nyuma ndizo zimekufa. Iache.

Andaa kwenye laptopu picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe tafuta madoa ya kijivu, alama za vidole vilivyokandamiza kioo, na kivuli cha zile alama za chini ya kioo cha Windows kilichobaki kimechapika. Kwenye nyeusi, punguza mwanga wa chumba ukiweza, tazama kingo: mwanga unaovuja kidogo pembeni ni kawaida, lakini doa jeupe katikati ni pigo la kusafirishwa. Rangi tatu zilizobaki zinakuonyesha pikseli zilizokufa. Moja au mbili pembeni hazizuii kazi. Mstari wima kutoka juu hadi chini ni habari nyingine: huo ni utepe mdogo ulioachia ukingoni mwa kioo, na ukianza mmoja wenzake hufuata. Atakuambia ukibonyeza fremu unaondoka. Unaondoka kweli, kisha unarudi.

Bonyeza vitufe vyote vya menyu, kimoja kimoja, na jaribu kila tundu la kebo. Soma mwezi na mwaka wa kutengenezwa nyuma. Mtumba mwingi unakuja bila mguu, na hapo usikate tamaa: tafuta matundu manne ya skrubu mgongoni, yaliyopangwa mraba wa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75. Kishikio cha ukutani cha vipimo hivyo kitaingia, kwa skrubu za M4. Kama hakuna matundu na hakuna mguu, fundi seremala atakusumbua zaidi ya bei uliyookoa.

Kuhusu aina ya kioo, kwa mwanafunzi tunapendelea IPS: ukikaa pembeni na mwenzako mnasoma wote, rangi hazigeuki. TN ni rahisi zaidi na inatosha kwa maandishi, ila ukiitazama kutoka chini inakuwa kama negativu ya picha. Mchezo ni mwepesi: inama mpaka macho yawe chini ya monita uangalie. Mwishowe inua simu yako, fungua kamera, ushushe mwangaza wa monita hadi 20. Ukiona mistari minene ikipita kwenye picha ya kamera, taa zinapunguzwa kwa kuzimwa na kuwashwa haraka. Kuna watu haiwasumbui. Wengine inawapa kichwa kila jioni. Kama wewe ni wa kundi la pili, chagua nyingine.

Naomba msaada. Nyumba yetu ipo juu ya mawe ya Mabatini. Nikigusa chuma cha nyuma ya monita nikiwa peku nasikia msisimko, na testa inawaka. Niliinunua ikiwa na plagi ya pini mbili za duara. Fundi anasema ni kawaida.
*Baba watoto, Mabatini*

Baba, usiendelee kuigusa peku mpaka umalize kusoma hapa. Fundi amesema nusu ya kweli. Ndani ya monita yenye saketi ya umeme humohumo kuna kapasita mbili ndogo zinazounganisha waya za umeme na bodi ya chuma, kazi yake ni kuzuia kelele za umeme. Zimetengenezwa zikitegemea kwamba bodi imeunganishwa na ethi, ule waya unaoshuka ardhini. Ethi ikikosekana, bodi inaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa nyumba, kama volti 115. Mkondo wenyewe ni mdogo, chini ya miliampia moja kwa kawaida, ndiyo maana unasikia msisimko tu. Lakini siku waya wa ndani ukikwanguka ukagusa bodi, hakuna kitakachokuonya: msisimko utakuwa uleule mpaka utakapokuwa pigo.

Kosa la kwanza liko kwenye plagi. Plagi ile ya Ulaya ina ethi yake, nayo ni vile vibati viwili vya pembeni. Soketi zetu za pini tatu za bapa hazina mahali pa kuvigusa. Watu huchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili lifunguke, kisha wanasukuma pini mbili. Umeme unapita, ethi haipo. Nunua waya wa kompyuta wenye plagi ya pini tatu za bapa. Ule unaoingia nyuma ya monita nyingi ni wa aina moja, hauulizi chapa. Fungua plagi uangalie fyuzi: nyingi zinauzwa na ya ampia 13, weka ya 5.

Kosa la pili laweza kuwa chini ya nyumba, na kwa vilima vya Mwanza hili si la kupuuza. Fimbo ya ethi inahitaji udongo wenye unyevu. Kwenye mwamba wa graniti fundi hupigilia sentimita 40, ikigoma anaikata na kufukia. Kwa macho ethi ipo, kwa kazi haipo. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime kwenye soketi kwa mita: kati ya waya wa moto na ethi isome karibu 230, kati ya nyutro na ethi volti chache tu. Ikisoma 100 au namba inayocheza, ethi ni ya jina. Hata ikisoma 230 si uthibitisho kamili, kwa hiyo apime pia ukinzani wa fimbo yenyewe kwa kipimo cha ethi. Dawa ni kutafuta mfuko wa udongo kati ya mawe hata kama ni mita 10 kutoka ukutani, kuchimba shimo, kutumia fimbo zaidi ya moja au bamba la shaba lililolazwa, na kupaweka pakiwa na unyevu. Kisha apime tena mbele yako.

Wakati unasubiri fundi, tumia monita yenye adapta ya nje ambayo pini yake ya ethi ni ya plastiki, au acha kuitumia hiyo yako. Na radi za mvua za ziwani zikianza kunguruma, chomoa plagi na pia kebo ya picha. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, umeme wa radi unaruka pengo lile dogo bila shida.

Ofisi yetu ya kuandikia mizigo ya dagaa iko Kirumba, karibu na Mwaloni. Vijidudu vya ziwani vinaingia ndani ya monita, na sasa kuna kimoja kinatembea nyuma ya kioo. Tufanye nini?
*Karani, Kirumba*

Kwanza kile kinachotembea: msikibonyeze, ndugu karani. Kikifia hapo kitabaki doa jeusi la kudumu katikati ya hesabu zenu, kwa sababu kipo kati ya kioo na karatasi za kusambaza mwanga, na kukitoa ni kufungua kioo chote. Zimeni monita, fanyeni chumba giza, wekeni taa ndogo pembeni ya fremu upande uliokaribu nacho. Kinafuata mwanga. Mara nyingi kufikia asubuhi kimejitoa chenyewe.

Vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi hutokea kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, na usiku vinakimbilia mwanga wowote. Monita ni taa yenye matundu juu. Vikiingia vinakauka juu ya saketi ya umeme, na unyevu wa ziwani ukivilowesha vinakuwa njia ya umeme kupita pasipotakiwa. Harufu ya kuungua na mlio mdogo wa kukwaruza ndiyo dalili.

Kwa sehemu kama hiyo tunashauri bila kusita monita yenye adapta ya nje. Ndani yake hakuna umeme wa volti 230, haipati joto kali, na matundu yake ni machache. Siku za wingu la vijidudu fungeni kazi kabla ya giza au shusheni mwangaza hadi 20 na muwashe balbu nje, mbali na dirisha, iwavute huko. Kila wiki, monita ikiwa imechomolewa, pulizeni matundu kwa bomba la upepo kutoka umbali wa sentimita 20 na brashi laini. Funikeni kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa. Kuifunika ikiwa imewaka ni kuichemsha.

Chumvi na mafuta ya dagaa kwenye kioo yafutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kitambaa kilowe na kioo kisimwagiwe. Spiriti na dawa ya kusafishia vioo vinachubua ule utando unaozuia mng'ao.

Niko Ukerewe, natumia sola: paneli wati 100, betri ya asidi ampia-saa 100, inveta ndogo. Nataka monita ya kutumia na laptopu jioni, muda wa saa 5. Betri itahimili?
*Mwalimu, Nansio*

Itahimili, mwalimu, ila inveta yako ndiyo itakayokula ziada. Betri yako ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ukitaka idumu miaka tumia nusu, yaani 600. Monita ya wati 15 kupitia inveta inavuta kama wati 25 kutoka kwenye betri, kwa sababu inveta nyingi ndogo hula wati 6 hadi 10 kwa kuwaka tu, na hupoteza tena njiani. Kwa saa 5 ni wati-saa 125. Laptopu ikiongeza kama 120, jumla 245. Paneli ya wati 100 siku ya jua la kawaida inarudisha kama wati-saa 300. Siku mbili za mawingu unazivuka.

Ila ukichagua monita inayotumia adapta ya volti 12, unaweza kuiondoa inveta kabisa upande wa monita, na matumizi yanashuka hadi wati-saa 85. Usichomeke moja kwa moja kwenye betri. Betri ya "volti 12" inafika 14.4 mchana ikichajiwa na inashuka hadi 11.5 usiku; monita ama itaungua au itazimika-zimika. Katikati weka kibadilisha volti kinachopandisha na kushusha, chenye kutoa volti 12 thabiti na ampia 3 au zaidi. Fyuzi ya ampia 3 ikae karibu na betri, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 3. Pini ya adapta nyingi ni milimita 5.5 kwa nje, ila tundu la ndani liko la 2.1 na la 2.5, na zinafanana machoni. Nenda na adapta yako dukani. Kabla ya kuunganisha pima kwa mita: chanya iwe katikati, na volti zisome 12.

LG nyingi ni volti 19 na Samsung nyingi ni 14, hizo zinahitaji kibadilisha kilichopangwa kwa namba hiyo kwanza, monita ikiwa haijaunganishwa: cha 19 kiwe cha kupandisha, cha 14 kiwe cha kupandisha na kushusha. Kinachopangwa kwa bisibisi ndogo kipakwe tone la gundi baada ya kupanga, mtikisiko usikihamishe.

Nina runinga ya inchi 32. Si naweza kuifanya monita nikaokoa hela?
*Msomaji, Pasiansi*

Kwa kutazama video ndiyo. Kwa kusoma na kuchapa hapana. Nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina pikseli 1366 kwa 768, yaani pikseli 49 kwa inchi. Monita ya inchi 24 ya 1920 kwa 1080 ina 92. Herufi zinakuwa na meno, nawe unarudi nyuma na kukunja macho. Tena hula wati 30 hadi 55. Ukilazimika kwa muda, tafuta kwenye menyu ya runinga mpangilio wa picha usiokata kingo na uipe tundu la HDMI jina la PC kama inaruhusu. Maandishi yanakaza kidogo.

Nina monita nne za mraba zilizokufa. Kijana wa chuma chakavu anazitaka azivunje achukue shaba, mabaki ayatupe korongoni. Kuna ubaya?
*Mwenye duka, Mkuyuni*

Upo. Kila mrija wa ndani una zebaki ya miligramu chache, na ukivunjika inatoka kama mvuke, anayeivuta wa kwanza ni huyo kijana. Mabaki yakienda korongoni, mvua moja inayafikisha ziwani, kama takataka za mjini zinavyoingia kupitia Mto Mirongo. Mpe fundi wa monita azitumie kama vipuri: vioo, vitufe, miguu na bodi za ishara mara nyingi ni vizima. Mirija itolewe ikiwa mizima, ifungwe kwenye boksi la karatasi, ipelekwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira.

Kompyuta yangu ina tundu la DisplayPort, monita ina HDMI na VGA. Ninunue kebo gani ya bei ndogo?
*Msomaji, Kisesa*

Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI, ile ya kawaida isiyo na kiboksi, itafanya kazi kwa kompyuta nyingi za ofisini. Kumbuka tu inaenda upande mmoja: kompyuta DisplayPort, monita HDMI. Kinyume chake kebo hiyo haionyeshi kitu, na wauzaji wengi hawalisemi. Kwa kompyuta ya HDMI na monita ya DisplayPort unahitaji kibadilishi chenye umeme wake kutoka USB. VGA iache iwe ya mwisho. Picha yake huweza kutetemeka kebo ikiwa ndefu au nyembamba.